Jino Lililovuka Uzio

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Gihosha, jino lililong'oka lilikuwa na mahali pake pa kwenda. Halikutupwa jalalani wala halikufukiwa. Lilirushwa juu ya paa, na mwenye kulirusha alimwomba panya wa darini alichukue hilo bovu, amletee jipya. Bibi ndiye aliyenifundisha. Hakuwa mtu wa kurudia maneno, lakini hilo la meno alilirudia kila nilipopata pengo jingine: rusha juu ya paa la baba yako, tena rusha polepole, maana jino likivuka uzio likaangukia kwa watu, litaleta kilio katika nyumba hiyo.

Nilikuwa na miaka minane na niliamini kila neno. Leo nina watoto wangu na nimesoma vya kutosha kuwacheka wanaoamini mambo ya namna hiyo, lakini kwa hilo moja sijawahi kucheka. Nitaeleza kwa nini.

Tulikuwa watu watatu nyumbani: Baba, Bibi aliyemzaa Baba, na mimi. Mama alifariki nikiwa bado natambaa. Wa nne alikuwa mbwa. Kabla ya krizi, ndivyo tulivyoiita vita, Baba alikuwa karani wa mzungu mmoja mjini. Mambo yalipochafuka yule mzungu aliondoka na masanduku mawili, akamwachia Baba funguo za ofisi na mbwa wake. Bibi alimpa jina la Musyu, kwa sababu alitoka kwa musyu, yaani bwana mzungu, na aliringa kama musyu. Siku tatu za kwanza alikataa ugali, akatutazama kama mgeni aliyekosewa adabu. Siku ya nne njaa ikamfundisha Kirundi.

Wakati wa habari hii Musyu alikuwa amezeeka. Macho yalikuwa na ukungu, miguu ya nyuma ilikuwa inamsaliti, lakini kilichomtesa hasa kilikuwa mdomo. Ulikuwa unanuka kiasi kwamba Bibi alijua Musyu ameingia ndani bila kugeuka. Alikuwa akiuchukua mfupa, anauweka chini, anauangalia, anauacha. Na damu ilikuwa inamtoka. Si nyingi, uzi mwembamba tu uliochanganyika na mate kwenye kona ya midomo, lakini ulikuwapo asubuhi na ulikuwapo jioni.

Mahali pengine na wakati mwingine, hilo lingekuwa jambo la mbwa mzee na mdomo wake. Lakini miaka ile watu walikuwa wanapotea. Chini ya mtaa wetu kuna korongo la mto Ntahangwa, na kila mtu alijua kwamba mbwa wasio na wenyewe walikuwa wakishuka kule asubuhi, na hakuna aliyependa kuuliza walikuwa wanafuata nini. Ndipo neno likazuka. Sijui lilianzia kwa nani, maneno kama hayo hayana mama. Lilisema kwamba mbwa akishamwonja mtu, damu haikauki tena mdomoni mwake. Itachuruzika mpaka siku anakufa, na kabla hajafa atawageukia watu wa nyumbani kwake. Vijana wa ronde, wale waliokuwa wakizunguka mtaa kuulinda, walikwisha kuua mbwa wawili kwa sababu hiyo. Mmoja niliona akiuawa, kwa marungu, mbele ya bomba la maji. Nilikuwa na ndoo mkononi na sikumbuki niliifikishaje nyumbani.

Kwa hiyo tulimficha Musyu. Bibi alimfunga nyuma ya jiko, akawa anamfuta midomo kila asubuhi kwa kitambaa na maji ya chumvi. Kitambaa hicho alikifua mwenyewe na kukianika ndani, chini ya kitanda chake, ili mtu asikione kwenye kamba. Baba alisema kwamba kuficha kunafanana na kukiri. Bibi akamjibu kwamba kufa nako kunafanana na kufa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mimi nikapata dawa yangu. Siku moja nilikuta jino kwenye bakuli la Musyu, dogo, la mbele, limelika mpaka limekuwa bapa, na lina rangi ya chai. Nilimwonea huruma. Mimi yangu yaliota tena kwa sababu Bibi aliniombea kwa panya, na Musyu alikuwa hana wa kumwombea. Nikalirusha juu ya bati letu na kusema maneno yote, nikiweka jina lake mahali pa langu. Baada ya siku chache likatoka la pili, nikafanya vilevile. Nilimchungulia mdomoni kila siku kuona kama mapya yanachomoza. Nilichokiona kilikuwa ufizi mwekundu uliovimba, lakini mtoto mwenye imani hakati tamaa kwa kitu kidogo kama hicho.

La tatu lilitoka Jumatano mchana. Nilisimama nyuma ya jiko na jino kiganjani, nimekwisha kutamka jina la Musyu, mkono uko juu, mara risasi zikalia kutoka upande wa milimani. Hazikuwa karibu. Tulikwisha kuzoea kupima umbali kwa sikio, hata sisi watoto. Lakini mkono wangu haukupima, ulirusha kwa nguvu zake zote. Nikasikia jino likigonga bati letu mara moja. Kisha nikalisikia likigonga bati jingine, ambalo halikuwa letu.

Lilikuwa bati la Mama Yves.

Mama Yves alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja, mjane mwenye mtoto mmoja tu. Yves alikuwa na miaka kumi na tisa. Ndiye aliyenifundisha kupiga mluzi, jambo ambalo Bibi hakumsamehe. Miezi saba kabla ya Jumatano hiyo aliondoka asubuhi kwenda Gatumba, mpakani, kuchukua vitenge vya biashara ya mama yake, na hakurudi. Hakuna aliyemwona amekufa na hakuna aliyemwona yu hai. Mama Yves alikwenda Gatumba mara nne kuuliza. Alikwenda hospitali, alikwenda kambini kwa wanajeshi, alikwenda mpaka kwenye korongo akatazama kwa macho yake. Hakulia. Kwetu matanga hayafunguliwi bila maiti, na yasipofunguliwa hayafungwi. Watu hawawezi kuja kukaa kwako, huwezi kuvaa nguo ya msiba, huwezi hata kulitaja jina kwa namna ya marehemu, maana utakuwa umemuua kwa mdomo wako. Kwa hiyo kila jioni aliweka sahani ya Yves mezani, na kila asubuhi aliwapa kuku chakula kile. Sisi tulisikia kijiko kikikwangua sahani ile, na tukazungumza kwa sauti zaidi ili tusikisikie.

Alhamisi asubuhi alikuwa anafagia. Nilikuwa nyuma ya jiko na Musyu nikasikia ufagio wake ukienda, ukienda, kisha ukanyamaza. Nikangoja uendelee. Haukuendelea. Nilipanda juu ya gogo, nikachungulia. Mama Yves alikuwa ameinama chini ya mfereji wa bati lake, ameshika kitu kidogo kati ya vidole viwili, na amekisogeza karibu na uso kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Alikaa hivyo muda mrefu sana. Kisha akafungua kitambaa cha mkononi, akakiweka ndani, akakunja.

Hakupiga yowe. Lakini mwanamke mwingine aliyekuwa anapita kwenda bombani alimwona na akauliza kuna nini, na Mama Yves akamwonyesha bila kusema neno. Huyo ndiye aliyepiga yowe. Kabla jua halijapanda, mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba kuna jino la mtu katika ua wa Mama Yves, na kwamba ng'ambo ya ukuta kuna mbwa anayevuja damu mdomoni, na kwamba bibi mmoja amekuwa akificha vitambaa chini ya kitanda. Hilo la vitambaa sijui walilijuaje. Gihosha ilikuwa na masikio mengi.

Walikuja kumi hivi, Deo akiwa mbele. Deo ndiye aliyekuwa mkuu wa ronde, kijana aliyewahi kucheza mpira na Yves timu moja. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonitisha, maana alikuja na rungu na alikuwa anaongea kwa upole.

"Bibi, mi sina ubaya na nyinyi," alisema pale mlangoni. "Lakini ile imbwa imekula mutu. Jino iko kule, damu iko hapa. Mutoe tu, tutaimaliza mbio, haitaumia."

Bibi alikuwa mfupi kuliko mpini wa jembe, lakini alijaza mlango. Akamuuliza kama alimwona Musyu akila. Deo akasema hapana. Akamuuliza kama mbwa wa kufungwa kamba anashuka korongoni na kamba yake. Deo akasema kamba hukatika. Wengine wakaanza kusukuma. Baba alikuwa amekwenda kazini, na mimi nilikuwa nimemkumbatia Musyu nyuma ya jiko, mkono wangu mdomoni mwake ili asibweke, na damu yake ikawa inanipita kati ya vidole.

Ndipo Mama Yves alipokuja. Watu wakampisha, maana msiba ulikuwa wake. Alisimama katikati ya ua wetu, kitambaa kimekunjwa kiganjani, hakumtazama mtu.

"Musiiue leo," alisema. "Mungoje mpaka siku ya Mungu, kisha misa."

Siku ya Mungu, yaani Jumapili, baada ya misa. Hakueleza kwa nini. Deo alimtazama kwa mshangao, lakini angempingaje? Wakaondoka, wakaacha vijana wawili langoni ili Musyu asitoroshwe. Tulikuwa tumepewa siku tatu.

Sijawahi kuogopa namna ile, hata wakati risasi zilipokuja karibu zaidi miaka iliyofuata. Risasi zilikuwa za watu wengine. Hili lilikuwa langu. Nilijua jino lile lilikuwa la nani, ningeweza kusema neno moja na Musyu angepona. Lakini Bibi alikwisha kusema kwamba jino likivuka uzio huleta kilio, nami nilikuwa nimelivusha. Katika kichwa changu cha miaka minane mambo yalijipanga hivi: mpaka Jumatano Yves alikuwa hai mahali fulani, amechelewa tu. Nikarusha jino. Alhamisi watu wakaanza kusema Yves amekufa. Basi mimi ndiye niliyemuua. Nikisema, mbwa atapona na kila mtu atajua kwamba mwuaji wa Yves ni Espe, mtoto wa karani. Nisiposema, Musyu atalipa badala yangu.

Sikula. Bibi alidhani namlilia mbwa, na nusu alikuwa sahihi.

Ijumaa Baba hakwenda kazini. Alishuka mjini mpaka Buyenzi kumtafuta mzee mmoja Mwislamu, Mzee Nasoro, aliyekuwa msaidizi wa mifugo enzi zake, mtu wa kuchanja ng'ombe na kukata kwato. Watu walimwita Veterineri. Kutoka kwetu mpaka Buyenzi si mbali, lakini siku zile mtu alihesabu vizuizi na si kilomita, na mtu wa mtaa mmoja hakuingia mtaa mwingine bila sababu. Baba alirudi jioni peke yake, amechoka, akasema yule mzee ameahidi kuja kesho kama njia itakuwa wazi. Bibi akauliza kama kweli Mwislamu atatia mkono mdomoni mwa mbwa. Baba akasema naye alimuuliza hivyohivyo, na mzee akamjibu kwamba maji yapo na udongo upo.

Jumamosi saa nne alifika, kanzu nyeupe, begi la ngozi, na fimbo. Nyuma yake waliingia watu wa mtaa, maana vijana wa langoni walikwisha kueneza habari. Deo alikuja. Mama Yves alikuja pia, akakaa juu ya mawe ya jiko letu la nje, kitambaa chake katika pindo la kitenge.

Mzee Nasoro hakuwa na haraka. Aliomba maji moto, kitambaa cheupe kabisa na sahani. Alimchoma Musyu sindano, tukangoja mpaka kichwa kikamwangukia mapajani kwa Baba. Akakunja mikono ya kanzu, akanyanyua mdomo wa juu wa Musyu kwa kidole gumba, na kunionyesha mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nimekaa karibu zaidi. Hayo aliyoyasema nayakumbuka vizuri kuliko nilivyofundishwa shuleni. Kwamba mbwa hapigi mswaki, kwa hiyo ukoga unakaa kwenye jino mwaka baada ya mwaka mpaka unakuwa jiwe. Kwamba jiwe hilo linausukuma ufizi, ufizi unaoza na kurudi nyuma, na jino linabaki limesimama peke yake kama nguzo ya uzio ambayo mvua imechimba udongo wake. Ndiyo maana linanuka, ndiyo maana linatoka.

Kisha alifuta mdomo wote mpaka kitambaa kikatoka bila doa. Akawageukia watu, akakiinua wakione. Akaweka kidole juu ya ufizi na kuubonyeza kidogo. Usaha ukatoka, na nyuma yake damu, nyingi kuliko tulivyowahi kuiona.

"Damu ni yake mwenyewe," alisema. "Mnyama huyu mnayemwogopa hawezi hata kutafuna mkate."

Akaanza kung'oa yaliyolegea. Mengine hayakuhitaji koleo, yalikuja na vidole. Aliyaweka kwenye sahani moja moja, na kila moja liligonga bati la sahani kwa sauti ile niliyoisikia Jumatano. Alipomaliza yalikuwa tisa. Akapaka dawa ya rangi ya zambarau, akamwambia Bibi ampondee chakula kiwe laini, asimpe mfupa tena, amfute ufizi kwa maji ya chumvi kama alivyokuwa akifanya, maana hicho kitambaa cha kufichwa ndicho kilichomfikisha Musyu mpaka leo akiwa hai. Bibi alitazama pembeni, lakini niliona amefurahi.

Watu walikuwa wameanza kunong'ona kwa namna nyingine. Nikadhani yamekwisha. Ndipo Deo akasema, kwa upole wake uleule, "Sawa. Damu ni ya imbwa. Na ile jino ya Mama Yves, ilitoka wapi?"

Macho ya watu yakarudi kwenye mawe ya jiko. Mzee Nasoro akamgeukia Mama Yves, akamwomba kwa heshima amwonyeshe, kwa sababu jino la mtu na la mbwa hawezi kuyachanganya hata gizani. Mama Yves akaweka mkono juu ya pindo la kitenge.

"Apana," alisema.

Mzee akamwomba tena. Akatikisa kichwa. Deo akasema kwamba basi hakuna kilichobadilika, kesho ni Jumapili, na mbwa anayekula watu anaweza kuwa na ufizi mbovu vilevile. Alisema hivyo bila hasira, na watu kadhaa wakaitikia. Musyu alikuwa analala mapajani kwa Baba, ulimi nje, mdomo wa zambarau. Niliangalia sahani. Pale juu kulikuwa na meno matatu madogo ya mbele, bapa, rangi ya chai, ndugu kabisa wa lile.

"Ni ya Musyu," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, nikasema tena. "Ni mi niliirusha. Nilitaka ziote zingine. Bibi alinikataza kurusha mbali, na mi nikarusha mbali."

 Mama Yves aliinuka kutoka kwenye yale mawe, akaja mpaka mbele yangu, akachuchumaa hivi kwamba nyuso zetu zilikuwa sawa. Nilingoja kofi. Nilikuwa nalitaka.

"Uliirusha siku gani?" aliuliza.

"Siku ya tatu. Muchana."

Siku ya tatu, yaani Jumatano. Mama Yves alinitazama. Macho yake yalikuwa makavu, na chini yake ngozi ilikuwa nyeusi kama imechomwa. Kisha akanigusa shavu kwa mkono uliokuwa mtupu, akasimama, akamgeukia mkuu wa ronde.

"Deo, mwana wangu, weka iyo rungu chini. Mwende nyumbani."

Naye akaenda nyumbani kwake, mkono juu ya pindo. Kile kitambaa hakukifungua.

Watu walipoondoka Mzee Nasoro alinawa mikono. Aliosha mara saba, mara ya kwanza kwa udongo wa ua wetu, na Bibi ndiye aliyemmiminia maji huku akihesabu naye kwa midomo. Hakutaka chochote zaidi ya chai. Baba akamsindikiza.

Mimi nilikuwa nimeingia chini ya kitanda cha Bibi, pale vitambaa vilipokuwa vikianikwa. Aliinama akanikuta. Nilimwambia yote, kwamba nimepeleka kilio kwa Mama Yves, kwamba nimemuua Yves. Bibi hakunichapa wala hakunibembeleza, hakuwa mtu wa hayo. Alikaa sakafuni, miguu mbele, akashusha pumzi.

"Kilio haiko pale, we mutoto," alisema. "Miezi saba haiko. Iyo ndiyo ugonjwa yake."

Sikuelewa. Nilichoelewa ni kwamba hakuwa amenikasirikia, nikalala palepale chini ya kitanda.

Wiki mbili zilipita. Halafu Mama Yves alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaalika watu Jumamosi saa tatu. Hakusema ni kwa ajili ya nini na hakuulizwa. Alipofika kwetu alimwomba Baba aje na jembe.

Tulimkuta amevaa nguo ya msiba. Juu ya kiti kulikuwa na kijisanduku cha bati cha kompasi, kile Yves alichokuwa akibebea vifaa vya hesabu shuleni, kimefungwa kwa utepe. Baba alichimba shimo dogo pembeni mwa ukuta, ukuta huohuo wetu. Deo ndiye aliyekibeba kisanduku, mikono miwili, kana kwamba kina uzito. Katekista akasali, akalitaja jina la Yves na kusema marehemu. Watu hamsini walikuwa wamesimama pale, na kila mmoja, kuanzia katekista mpaka mtoto wa mgongoni, alijua kulikuwa na nini ndani ya sanduku lile. Hakuna aliyekohoa. Mimi nilifungua mdomo, sijui nilitaka kusema nini, na Bibi akanifinya mkono mpaka nikaona nyota.

Baba alipotupa udongo wa kwanza, Mama Yves akalia. Sijui kuelezea kilio kile. Kilianzia chini sana, kikapanda, na wanawake wote wakakipokea, kikapita juu ya mabati, kikashuka mpaka korongoni. Ng'ambo ya ukuta Musyu akaanza kulia naye, kwa mdomo wake wa mapengo, sauti ya kipuuzi kabisa, na hakuna aliyecheka. Tulikaa matanga siku nzima. Asubuhi iliyofuata sahani haikukwanguliwa.

Musyu aliishi karibu miaka miwili zaidi. Alikuwa anakula ugali uliolowekwa kwenye mchuzi wa ndagala, dagaa wa kwetu, na siku nyingine mchuzi huo ulitoka kwa Mama Yves, ukipitishwa juu ya ukuta kwenye kopo. Alikufa usingizini. Yves hakurudi, na hakuna aliyejua kamwe kilichompata.

Miaka mingi baadaye, risasi zimenyamaza, Bibi na Baba wamekwisha kutangulia, nilikwenda kumwona Mama Yves. Alikuwa mzee, macho yake yenyewe yana ukungu. Nilikuwa nimelibeba jambo lile nikawa mtu mzima nalo, nikamwambia ninaomba msamaha. Kwamba siku ile niliokoa mbwa wangu na kumnyang'anya yeye kitu pekee alichokuwa nacho cha mwanawe.

Alicheka kidogo. Akachukua mkono wangu, akauweka kifuani pake, upande wa kushoto.

"Jino yake ya kwanza iliniuma hapa," alisema. "Zote niliziona zikitoka, niliziona zikianguka. Unafikiri mi sikujua? Nilijua toka siku ile niliiokota. Lakini mutu anahitaji kitu ya kuweka mu shimo."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema mapema, kwa nini aliacha Deo azunguke na rungu siku tatu. Akasema siku tatu zile alikuwa akipigana na nafsi yake. Ndiyo maana aliomba wangoje. Kama angeacha mbwa auawe, watu wangeamini, na angekuwa na kaburi la kweli machoni pa watu. Na hakujua angefanya nini Jumapili. Hilo alilisema akinitazama sawasawa. Akasema nilipofungua mdomo, nilimwondolea mzigo wa kuamua.

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi kuliko ninavyofikiria sala zangu. Nilikua nikidhani kwamba siku ile ukweli ulikuwa wangu na imani ilikuwa yao, mimi na Veterineri upande mmoja, mtaa mzima upande mwingine. Haikuwa hivyo. Ukweli walikuwa nao wote hamsini, wamesimama nao kwenye shimo dogo, wakaunyamazia kwa ajili ya mwanamke mmoja.

Na Bibi alisema kweli. Jino likivuka uzio huleta kilio katika nyumba hiyo. Lilikileta. Kilikuwa kinangojwa miezi saba.

Mwezi uliopita mtoto wangu wa mwisho aling'oka jino. Alitaka kulirusha kama nilivyomfundisha, na nikatoka naye uani. Paa letu la sasa liko mbali na la jirani, hata ningerusha mimi lisingefika. Nilimwambia arushe polepole vilevile.